Klabu ikiuzwa, shabiki hubaki na nini? Tanga yajifunza kwa Simba na Yanga

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KATIKA vibaraza vya Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba na mazungumzo ya soka hunoga baada ya sala ya alasiri, neno "kuuza" halitamkwi kirahisi. Wakazi wa mkoa huu wameona mashamba ya mkonge yakitaifishwa mwaka 1967, kisha wakayaona yakirejeshwa mikononi mwa watu binafsi miaka ya 1990. Wanajua kuwa mali ikibadili mmiliki, maisha ya waliokuwa wakiitegemea nayo hubadilika.

Ndiyo maana mjadala kuhusu klabu za wanachama kuuza hisa kwa wawekezaji, ambao ulianzia Dar es Salaam kwa Simba na Yanga, umewagusa kwa namna ya pekee wapenzi wa Coastal Union na African Sports. Hizi ni klabu kongwe. African Sports ilianzishwa mwaka 1936 na Coastal Union mwaka 1948. Coastal ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na hadi leo mwaka huo hutajwa mjini hapa kama watu wanavyotaja mwaka wa harusi.

Swali linaloulizwa ni moja: je, klabu ya wanachama inaweza kupata fedha za tajiri bila kupoteza uhai wake kama mali ya wananchi?

Somo la Simba

Mfano mkubwa zaidi nchini ni wa Simba. Julai 2016 wanachama wa klabu hiyo waliridhia kuachana na mfumo wa zamani na kuingia katika mfumo wa hisa. Desemba 3, 2017, mfanyabiashara Mohamed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni kwa ahadi ya Sh bilioni 20.

Hapo ndipo Serikali ilipoingilia kati. Kanuni za Baraza la Michezo la Taifa (BMT) za mwaka 2017 zinataka klabu iliyoanzishwa na wanachama ibakize angalau asilimia 51 ya hisa mikononi mwa wanachama hao. Wawekezaji hawaruhusiwi kuvuka asilimia 49, na asilimia hizo zinatakiwa kugawanywa kwa watu wasiopungua watatu ili klabu isiangukie mkononi mwa mtu mmoja.

Kwa hesabu ya kawaida, asilimia 49 kwa Sh bilioni 20 ina maana kuwa klabu nzima ilithaminiwa kwa takriban Sh bilioni 41. Wapo waliosema bei hiyo ni ndogo mno kwa klabu yenye mamilioni ya mashabiki. Wengine walijibu kuwa mashabiki hawana thamani kibiashara mpaka watakapolipa kiingilio, kadi na jezi halali. Ubishi huo ulifika hata mahakamani, na mmoja wa wazee wa klabu, Hamisi Kilomoni, akawa sura ya wale waliopinga mabadiliko.

Mchakato ulichukua miaka. Katiba mpya ilipitishwa mwaka 2018, lakini ilikuwa Januari 2021 ndipo Dewji alipoonyesha hadharani hundi ya Sh bilioni 20. Kwa mashabiki wengi, miaka hiyo yote walikuwa wakisikia klabu imeuzwa, huku hawajui fedha ziko wapi wala nani ana kauli ya mwisho.

Hata hivyo, uwanjani majibu yalikuwa tofauti. Simba ilitwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara kadhaa. Mwaka 2025 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufungwa na RS Berkane ya Morocco. Shabiki aliyeshangilia mabao hayo ni vigumu kumshawishi kwamba alidhulumiwa.

Yanga na hofu ya mtu mmoja

Upande wa pili wa Kariakoo, Yanga ilipita njia yenye mabonde zaidi. Mwaka 2016 aliyekuwa mwenyekiti wake, marehemu Yusuf Manji, alipendekeza kuikodi timu na nembo ya klabu kwa miaka 10. Pendekezo hilo lilishangiliwa na wanachama wengi, lakini halikufika mbali baada ya BMT kulitilia shaka. Mei 2017 Manji alijiuzulu.

Kilichofuata kinakumbukwa na kila mpenda soka. Klabu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara tatu mfululizo ilibaki ikitembeza bakuli. Mashabiki walichangishwa ili wachezaji walipwe na timu isafiri. Ilionekana wazi kuwa Yanga ilikuwa haijauzwa, lakini tayari ilikuwa imemtegemea mtu mmoja kwa kila kitu.

Mwaka 2021 wanachama wa Yanga walipitisha mabadiliko ya katiba yanayofuata mgawanyo uleule wa 51 kwa 49. Kampuni ya GSM ikawa nguzo ya udhamini, na mwaka 2022 Hersi Said akachaguliwa kuwa rais wa klabu. Tangu msimu wa 2021/22 hadi 2024/25 Yanga ilitwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Wanaounga mkono mabadiliko mjini Tanga hutumia mifano hiyo miwili kama ushahidi. Hoja yao ni kwamba mapenzi peke yake hayalipi mishahara, na kwamba klabu isiyo na mwekezaji itakuwa shamba la kuoteshea miche ya wengine.

Ushahidi wao hauko mbali. Julai 2, 2022, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Coastal Union ilitoka sare ya mabao 3-3 na Yanga kabla ya kufungwa kwa penalti. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na Abdul Suleiman "Sopu". Muda mfupi baadaye mchezaji huyo alikuwa Azam FC. Kocha wa timu hiyo, Juma Mgunda, naye Septemba mwaka huohuo alichukuliwa na Simba.

Mwaka 2016 ulikuwa mchungu zaidi. Timu zote tatu za mkoa huu zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja. Coastal ilirejea msimu wa 2018/19, na mwaka 2024 ilimaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Kwa mji uliowahi kuitikisa Tanzania, mafanikio hayo yalipokewa kwa furaha iliyochanganyika na swali la nini kingewezekana kama fedha zingekuwapo.

Jina na makazi

Wanaopinga, au tuseme wanaosita, wana hofu ambayo haihusu fedha. Wanaogopa kuamka siku moja na kukuta timu yao imehama.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2022 timu ya DTB iligeuka kuwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 ikahamia Babati mkoani Manyara ikiwa Fountain Gate. Nafasi ya Singida ikazibwa na Ihefu, timu iliyokuwa fahari ya Mbarali mkoani Mbeya, ambayo ilihamishwa na kuitwa Singida Black Stars. Kitayosce, iliyoanzia Kilimanjaro, ikawa Tabora United, na mwaka 2025 ikaitwa TRA United.

Katika mabadiliko hayo yote, wenye timu walifuata taratibu na ligi ikaendelea. Aliyebaki na jezi isiyo na timu ni shabiki wa Mbarali.

Ni kweli kwamba klabu nyingi kati ya hizo hazikuwa na historia ya miaka 70 nyuma yake, na kanuni ya asilimia 51 ingekuwa kizuizi kwa klabu kama Coastal. Lakini asilimia 51 ni kinga pale tu wanachama wanapojulikana. Klabu isiyo na daftari safi la wanachama, isiyoitisha mikutano kwa wakati na isiyotoa hesabu zilizokaguliwa, haiwezi kusema nani hasa anashika hizo asilimia 51. Kikundi kidogo kinaweza kupiga kura kwa jina la maelfu.

Duniani nako yapo ya kujifunza. Mwaka 1957 timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers ya New York ilicheza msimu wake wa mwisho katika mji huo kabla ya mmiliki wake kuihamishia Los Angeles. Nchini Uingereza, mashabiki wa Wimbledon walianzisha klabu yao, AFC Wimbledon, mwaka 2002 baada ya ile ya awali kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Mwaka 2012 mmiliki wa Cardiff City, Vincent Tan, aliibadilisha jezi ya bluu kuwa nyekundu, na mashabiki wakapigania rangi yao hadi ikarudi mwaka 2015. Ujerumani imechagua njia nyingine: kwa klabu nyingi, wanachama lazima wabaki na zaidi ya nusu ya kura.

Kinachopaswa kuandikwa

Ukiwasikiliza kwa makini, pande hizi mbili hazipingani sana. Wanaotaka mwekezaji hawasemi jina lifutwe, na wanaosita hawasemi fedha zikataliwe. Tofauti yao ni juu ya nani aaminiwe. Jibu la swali hilo linapaswa kuwa kwenye maandishi kabla mwekezaji hajakaribishwa mezani.

Jambo la kwanza ni jina, rangi, nembo na makao makuu. Katiba inaweza kutamka kuwa vitu hivi havitabadilishwa bila idhini ya wingi mkubwa wa wanachama wenyewe, hata kama wawekezaji wote watakubaliana.

La pili ni fedha. Wanachama wana haki ya kujua kama kiasi kinachotangazwa ni cha kununua hisa, ni mkopo au ni udhamini. Mwekezaji anayelipa mishahara kwa mkopo anaweza kuondoka akiwa anaidai klabu kuliko alivyoikuta.

La tatu ni uwanja. Mkwakwani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, hivyo mwekezaji wa Coastal au African Sports atanunua hisa katika klabu isiyo na uwanja wake. Msimu wa 2024/25 Coastal Union ilicheza baadhi ya mechi zake za nyumbani jijini Arusha, na wapenzi wake wakaonja jinsi "nyumbani" kunavyoweza kuwa safari ya mamia ya kilomita. Mpango wowote wa uwekezaji usiozungumzia uwanja utakuwa umeacha nje chanzo muhimu cha mapato ya mlangoni.

Kwa sasa Tanga ina nafasi ya kuvutia wenye mitaji. Bandari yake imepanuliwa, na Chongoleani ndiyo mwisho wa bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kampuni zinazoingia zitatafuta njia ya kujulikana, na hakuna bango mjini hapa linaloonwa kuliko kifua cha mchezaji.

Mashabiki wa Coastal huiita timu yao Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani. Mwekezaji atakayekuja anaweza kupewa chumba katika kaya hiyo, hata kiti cha mbele sebuleni. Viongozi wa klabu ndio watakaoulizwa iwapo hati ya nyumba nayo itapatikana imeandikwa jina lake.