Chupa ya Mafuta Jikoni Mwako

Ndugu msomaji, Jumapili hii, kabla kitunguu hakijaingia sufuriani, hebu itazame chupa ya mafuta iliyo karibu na jiko lako. Ikiwa ni mafuta ya alizeti, yawezekana sana kwamba mbegu zake zimetoka Ikungi, Iramba au Mkalama, kwa mtu usiyemjua wala yeye hakujui. Leo napenda tumzungumzie mtu huyo.

Tukimwita mkulima tu tutakuwa tumempunja. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, na ifikapo Mei imekwisha kukata. Basi miezi mingi ya mwaka ardhi ni kavu, na mwenye kutegemea jembe peke yake hana la kufanya ila kuhesabu magunia yanavyopungua. Ndiyo maana mtu wetu ni fundi pia. Akisha kuvuna huiweka plau ukutani na kuishika randa. Hutengeneza milango, vitanda, mipini ya majembe na mizinga ya nyuki. Malipo huja mara kwa fedha, mara kwa debe la mtama, mara kwa jogoo, na mara nyingi kwa ahadi, kwa sababu si rahisi kumbana jirani ambaye kesho utamhitaji msibani.

Mmarekani mmoja, Harold Schneider, alitoa kitabu mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wanyaturu. Alieleza jinsi nafaka iliyozidi inavyogeuzwa kuwa mifugo, na mifugo ikatoa samadi, nayo samadi ikarudi shambani kuzaa nafaka. Wazee wa huko hawakuhitaji kitabu ili kulijua hilo. Lakini sisi wa mjini bado humcheka mtu alaye ugali wa mtama kwa mlenda ilhali zizini ana ng'ombe sita. Nani miongoni mwetu huenda benki kutoa akiba yake kila anapotamani mchuzi?

Sasa turudi kwenye chupa. Mwaka 2021 Serikali iliichagua Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, iwe mstari wa mbele katika kilimo cha alizeti, kwa kuwa nchi ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipanda duniani kote; vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza, na Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa mafuta yake ya mawese yasitoke. Wewe, msomaji, ulilalamika dukani, na ulikuwa na haki. Ili kukupunguzia makali, ushuru wa mafuta ya nje ulilegezwa. Mtu wetu naye, kwa kuwa alikuwa ameona bei nzuri, aliongeza eneo la alizeti. Alipovuna mwaka 2023, bei ya dunia ilikuwa imekwisha kushuka, mafuta ya nje yamejaa, na gunia lake halina mwenye haraka nalo.

Fikiri jioni ile nyumbani kwake. Ni kweli ada ya sekondari katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini sare hazikuondolewa, wala viatu, wala madaftari. Mama wa nyumba ana kuku, wale wa kienyeji wanaopakiwa kwenye matenga kuja Dar es Salaam. Lakini mdondo ukipita katika banda lisilopata chanjo, fedha hiyo hutoweka kwa wiki moja. Je, auze alizeti kwa bei ya kutupa? Auze ng'ombe? Au angoje? Asiye na ng'ombe wala ufundi hakuwa na swali la kujiuliza, aliuza. Aliyeweza kungoja ni yule ambaye randa yake ilimletea fedha za chumvi na sabuni wakati magunia yamelala ndani.

Kuna pia lumbesa, lile gunia la vitunguu linaloshonewa kilemba juu hadi likazidi kilo 100, huku mkulima akilipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo. Hata hivyo mara nyingi mnunuzi ndiye mwenye lori, na mwenye lori ndiye mwenye sauti.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaye ndugu huko: kaka, shemeji, baba mdogo. Kila sikukuu ya mwisho wa mwaka mnampelekea kanga na soda, naye anawafungia kuku wawili wa kurudi nao. Ni desturi njema. Lakini kama mna chochote cha kumtumia kwa simu, mtumieni mwezi Juni, alizeti ikiwa bado ndani na mlanguzi yuko mlangoni. Desemba magunia yamekwisha kuondoka, na mbegu ya kupanda anaitafuta kwa mkopo.