Gari la Zamani Uani



Baada ya kipindi cha akina mama Jumatano moja, dada mmoja alibaki nyuma akatuuliza: "Mume wangu ameleta gari bovu la zamani nyumbani. Anasema atalitengeneza mwenyewe. Je, nimkataze?" Wenzake walicheka sana. Sisi hatukucheka, kwa sababu la kwetu lipo uani hadi leo.

Nyumbani kwetu tuko wawili wenye kazi tofauti. Mmoja ni mwalimu wa ufundi, mwingine ni muuguzi anayewaandikia safu hii. Miaka mitano iliyopita tulinunua MGB ya mwaka 1967 iliyokuwa imelala chini ya mwembe kwa muda mrefu, kuku wakitagia kwenye viti vyake. Kusema kweli, aliyenunua ni baba watoto. Fedha tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya dari la sebule. Gari lina viti viwili, nasi tuko sita.

Kwa wasioyajua, haya ni magari madogo ya wazi yaliyotengenezwa na kampuni ya MG katika mji wa Abingdon, Uingereza. MGB ilianza kuuzwa mwaka 1962 ikaendelea hadi 1980, na jumla yake, pamoja na zile zenye paa la kudumu, ilipita 500,000. Nyingi zilikwenda Marekani. Chache zilifika huku kwetu, kwa kuwa nasi tunaendesha upande wa kushoto kama Waingereza. Injini yake ni ya silinda nne na kabureta mbili, rahisi kiasi kwamba mtu mvumilivu anaweza kuifungua na kuifunga kwa spana za kawaida. Ndiyo maana akina baba wengi duniani wanaitengenezea nyumbani. Tena vipuri vyake bado vinatengenezwa. Mwaka 1988 hata bodi nzima mpya zilianza kutolewa Uingereza kwa kutumia mitambo ya zamani.

Adui wa gari hili ni kutu. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo limetufaa hata nje ya banda. MGB haina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Na kwa kuwa halina paa la chuma, nguvu yake kubwa iko katika vizingiti, yaani zile sehemu ndefu za bati zilizo chini ya milango. Vizingiti vya gari letu vilikuwa vimeliwa hata kidole kilipita. Fundi mwenye haraka angevikata siku hiyo hiyo. Lakini ukivikata bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango, gari hulegea katikati na kupinda, na baadaye milango haifungi tena. Kwanza unashikilia, ndipo unakata.

Baba watoto alilifuata hilo kwa gari. Kwa nyumba yetu hatukulifuata. Hatukukaa kuzungumza ni fedha kiasi gani zitatoka kila mwezi, ni jioni ngapi, wala vitu vya hatari vitawekwa wapi. Bwana Yesu alitumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hapaswi kuanza kabla ya kupiga hesabu (Luka 14). Tunaufahamu mfano huo vizuri, maana tumeufundisha. Ila hatukuutenda.

Mwaka wa kwanza tulinuniana. Mmoja alikuwa bandani hadi saa nne usiku, mwingine sebuleni akitazama mabati yasiyo na dari. Tuliongea kupitia watoto: "Mwambie baba chakula kinapoa." "Mwambie mama nakuja." Wengi wenu mnayajua mazungumzo ya namna hiyo.

Kisha ikatokea siku ya chupa.

Baba watoto alikuwa akisafisha kabureta kwa mafuta ya taa, akachukua galoni nzima kutoka jikoni. Mama akakasirika, akaitaka galoni yake. Akammiminia mafuta kidogo katika chupa tupu ya soda, akaiacha juu ya kigogo mlangoni mwa banda, akarudi jikoni bila kusema neno. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Tulisikia kikohozi tu.

Tunawaambia haya kwa aibu, kwa sababu mmoja wetu amesimama miaka mingi mbele ya akina mama kliniki akiwaambia wasiweke mafuta ya taa katika chupa za soda. Jirani mwema alikuja mbio na maziwa. Mwingine akasema atapishwe kwa kidole. Tulikataa yote mawili, na tunaomba kila msomaji akumbuke sababu. Mafuta ya taa na petroli hayaleti hatari kubwa tumboni kama yanavyoleta katika mapafu. Mtoto akitapika, mafuta hupanda tena na kuingia katika njia ya hewa, na hapo huanza homa kali ya mapafu. Basi usimtapishe. Usimlazimishe kunywa maziwa wala kitu kingine. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, chukua ile chupa, nenda hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa haraka ni dalili mbaya, na zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Usiku ule tulikaa wadini hadi asubuhi tukihesabu pumzi za mtoto. Mwanzoni kila mmoja alikuwa na neno la kumtupia mwenzake moyoni. Gari ni lake. Chupa ni yake. Karibu na alfajiri baba watoto alisema, "Mama, kesho naliuza." Yule aliyemimina mafuta alilia, akasema, "Chupa niliiweka mimi." Hatukuwa tumeambiana kweli namna hiyo kwa muda mrefu. Mungu ni mwema, mtoto alipona, na siku ya tatu tulirudi naye nyumbani.

Gari hatukuliuza. Tulikaa mezani na daftari, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Haya ndiyo tuliyoandika, huenda yakamfaa na mwenye pikipiki, mashine ya kusaga au karakana ya useremala nyumbani.

Kwanza, banda lina mlango na kufuli. Petroli, mafuta ya taa, tina na mafuta ya breki hukaa katika vyombo vyake vya asili, juu, mahali ambapo mtoto hafiki. Hakuna chupa ya kinywaji inayoingia bandani, hata ikiwa tupu.

Pili, hakuna anayeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Huwekwa stendi imara za chuma juu ya sakafu ngumu. Matofali ya saruji hayafai, kwa maana huweza kupasuka ghafla.

Tatu, injini haiwashwi mlango ukiwa umefungwa. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha mtu huzimia.

Nne, vumbi la breki na klachi za zamani halipulizwi. Magari ya miaka ile yalitumia asbesto, nayo huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Hulowanishwa kwa maji, hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hufungwa katika mfuko.

Tano, rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Hupigwa msasa ikiwa imelowa, mbali na bustani ya mboga na watoto, na fundi huvaa barakoa. Nguo za kazi hufuliwa peke yake. Risasi hudhuru akili za watoto wadogo, na kwa mama mjamzito huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Ndiyo maana nchi zetu ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Injini kama yetu ilizoea petroli ile, kwa hiyo ilibidi viti vya valvu viwekwe vya chuma kigumu zaidi.

Sita, tindikali ya betri ikiruka machoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika ishirini, kisha hospitali. Betri inapochajiwa, moto usikaribie.

Saba, fedha. Kila shilingi inayoingia bandani huandikwa, nasi tulikubaliana kiwango cha mwezi. Dari lilimalizwa kabla ya rangi ya gari. Jioni za bandani ni tatu kwa wiki, na Jumapili banda hufungwa.

Ajabu ni kwamba baada ya daftari hilo, mama naye alianza kuingia bandani. Mikono iliyozoea kushona vidonda ilishona vizuri ngozi za viti. Binti yetu mkubwa, ambaye hapo awali hakumjua baba yake ila kwa mgongo, sasa anaweza kurekebisha kabureta zote mbili ziwe sawa kwa kusikiliza tu sauti ya hewa. Gari liliwaka mwaka jana mwezi wa Agosti. Kwa kuwa lina viti viwili, baba aliwazungusha watoto mmoja mmoja hadi njia panda na kurudi, na wa mwisho aliyepanda alikuwa yule wa chupa. Bado linavuja mafuta, na milango inafunga vizuri.

Basi, dada yetu wa Jumatano, jibu letu ni hili. Usimkataze, wala usinyamaze ukanuna kama tulivyonuna sisi. Mketishe kabla hajakata bati la kwanza. Muulize: fedha kiasi gani, saa ngapi, na ufunguo wa banda utakaa wapi. Tena leo hii, kabla hata hajarudi kazini, ingia jikoni mwako uangalie kama kuna chupa ya soda yenye kitu kisicho soda.

Mungu azibariki nyumba zenu. Hadi mwezi ujao.