Tuiseme Bawasiri Waziwazi

Yako maradhi ambayo mtu huyatangaza, na yako ambayo huyaficha hata kwa mkewe. Mwenye malaria hujilaza na majirani wote wakapata habari. Mwenye bawasiri huketi upande mmoja wa benchi, akaulizwa kulikoni, akajibu kwamba mgongo unamsumbua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi hapana budi tuyaseme haya bila kuona haya.

Ndani ya njia ya haja kubwa kila binadamu ana vifuko laini vyenye mishipa ya damu. Vifuko hivyo vikivimba kwa sababu ya kujikamua mara kwa mara, huvuja damu nyekundu, huwasha, na pengine hutokeza nje. Chanzo kilicho kikubwa ni choo kigumu. Uja uzito huzidisha taabu hiyo, na kunyanyua mizigo mizito kadhalika. Si uchawi, wala haitokani na kukalia mawe yaliyochomwa na jua, kama wasemavyo baadhi ya watu.

Uganda inayo sababu ya pekee ya kulizungumza jambo hili. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, alifanya kazi Lira na kisha Mulago tangu 1946 hadi miaka ya 1960. Dunia humkumbuka zaidi kwa saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Lakini aliporudi kwao alishangazwa na jambo jingine: choo kigumu, bawasiri na uvimbe wa kidole tumbo, maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, yeye alikuwa ameyaona kwa nadra mno miongoni mwa wanavijiji wa Uganda. Akalifuata wazo la Cleave, daktari wa jeshi la majini, ambaye katika manowari iitwayo King George V aliwalisha mabaharia pumba za ngano ili wapate choo. Mwaka 1972 Burkitt aliandika kwamba tofauti ilikuwa katika chakula: wanavijiji walikula nafaka pamoja na makapi yake, maharage, viazi na majani, na Wazungu walikula unga mweupe uliokwisha kuchujwa kila kitu chenye manufaa.

Wataalamu waliomfuata wamemsahihisha hapa na pale, na kwa haki. Mwanakijiji aliyeona aibu kwenda hospitali hangeweza kuhesabiwa na daktari yeyote, na yamkini baadhi ya wale walioitwa wazima walikuwa wakivumilia kimya kimya. Hata hivyo kiini cha fundisho lake kimesimama. Uchunguzi uliofanywa baadaye umeonyesha kwamba wagonjwa wanaoongezewa makapi na nyuzinyuzi za chakula hupungukiwa na kutoka damu kwa kadiri ya nusu.

Sasa tutazame meza zetu wenyewe. Mkazi wa Mbarara hujivunia maziwa, samli na nyama, na anayo haki ya kujivunia, maana nchi ya Ankole ni nchi ya ng'ombe. Lakini katika vyote vitatu hamna hata chembe ya nyuzinyuzi. Ugali wa ulezi, uliokuwa heshima ya nyumba, umesukumwa pembeni na posho nyeupe na chapati za ngano. Kijana wa mjini hunywa soda mahali pa maji, kisha huketi chooni nusu saa nzima akitazama simu yake. Hali hiyo mtu huitafuta mwenyewe.

Nakivale ni habari nyingine. Makazi hayo ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda, leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Tangu 2020 mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba ale matunda kila siku ni kumdhihaki. Tena mama huyo hubeba dumu la maji la lita 20, na usiku huzuia haja mpaka kupambazuke kwa kuwa choo ki mbali na njia ina giza. Choo kinachozuiliwa hukauka. Kwa hiyo anayehubiri chakula bora bila kutaja maji, vyoo na taa amesema nusu ya maneno.

Hata hivyo yapo yanayowezekana. Mahindi yasagwe bila kukobolewa. Maharage yapikwe na kuliwa pamoja na maganda yake. Dodo huota lenyewe mvua inyeshapo, na majani ya maboga pia ni mboga. Mpapai mmoja nyuma ya nyumba hauhitaji shamba. Makapi yaongezwe kidogo kidogo, pamoja na maji mengi, la sivyo tumbo litajaa hewa na mtu atalaani ushauri wote. Haja ikija iitikiwe papo hapo, bila kujikamua. Kwa maumivu, beseni la maji ya uvuguvugu, mtu akikalia kwa dakika 10 au 15 mara mbili tatu kwa siku, hutuliza kuliko dawa nyingi za sokoni. Ajifute kwa maji, asijisugue. Pilipili haileti bawasiri, ila humchoma aliye nayo.

Wauzaji wa dawa za kuunguza nyama iliyotokeza, na wale wanaotoa dawa kali za kuharisha, waepukwe kabisa. Wao hustawi kwa aibu ya mgonjwa: asiyethubutu kumwambia mganga wa serikali humnong'oneza mchuuzi. Na hatari kubwa zaidi ni kuidhania kila damu kuwa bawasiri. Damu nyeusi au iliyochanganyika na kinyesi, kukonda, choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa, kizunguzungu cha upungufu wa damu, hizo huenda zikawa dalili za saratani ya utumbo, na beseni la maji halitafaa kitu. Mtu huyo aende kituo cha afya, naye apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mbarara bila kuchelewa.

Nimewaona askari wasioogopa risasi wakikataa katakata kulala ubavu mbele ya daktari. Ikiwa wao hushindwa, mkimbizi asiyejua lugha ya muuguzi atafanyaje? Vituo vya Nakivale vingefanya vyema kutenga chumba chenye mlango unaofungika, mganga wa kiume kwa wanaume na wa kike kwa wanawake, na mtu wa kufasiri aliyeapa kutunza siri. Gharama ya mlango si kubwa.