Ulimi wa Kahawa Haukuzaliwa Ulaya

Hapa Rusizi, ukitaja habari ya kuonja kahawa kwa vikombe na alama, jibu halitofautiani sana kutoka Kamembe hadi Bweyeye: hiyo ni kazi ya wazungu. Mkulima alime, achume, apeleke matunda kituoni, apokee faranga zake. Mambo ya ladha yataamuliwa huko inakokwenda kahawa yenyewe. Nimelisikia neno hili kwa wakulima, kwa viongozi wa vyama vya ushirika, kwa walimu, hata kwa vijana waliosomea kilimo. Linasemwa kwa upole, bila ubishi, na ndiyo maana limeota mizizi. Nami nasema ni imani potofu, na kila msimu inatutoa pesa mfukoni.

Kwanza tuulize imetoka wapi. Wilaya hii ni miongoni mwa milango ambayo kahawa iliingilia Rwanda. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, na mibuni iliyopandwa pale katika miaka iliyofuata ikaacha jina: hadi leo Mibirizi ni aina ya arabika inayotajwa katika orodha za watafiti wa kahawa duniani, pamoja na Bourbon na Jackson. Wataalamu wa mbegu walioko mabara mengine wanalijua jina la kilima chetu. Lakini babu zetu hawakupandishwa mibuni ili wanywe. Kuanzia miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wakulima kupanda, kwa amri na kwa kiboko, na hata baada ya uhuru kung'oa mbuni kulibaki kosa mbele ya sheria. Serikali ilikuwa ikitangaza bei moja kwa kilo. Aliyemenya na kuosha kwa uangalifu na aliyeanika juu ya udongo walilipwa sawa. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei ya dunia ikaporomoka, malipo ya mkulima yalishushwa kutoka faranga 125 hadi 100 kwa kilo, na hapo tena hakuna aliyemuuliza kahawa yake ina ladha gani. Mtu asiyeulizwa swali kwa miaka sitini huishia kuamini kwamba hana jibu lake.

Basi imani hii ni mabaki ya amri ya zamani. Haisemi lolote kuhusu ulimi wa Mnyarwanda.

Tuitazame meza yenyewe ya kuonjea, maana wanaoiogopa wengi hawajawahi kuisogelea. Kahawa hukaangwa kidogo tu, iwe na rangi ya hudhurungi isiyokolea, ikapumzishwa kwa saa kadhaa. Inapimwa kwenye mizani: takriban gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji. Vikombe vinapangwa vitano kwa kila fungu la kahawa, na kila kikombe kinasagiwa punje zake peke yake, ili punje moja mbovu isijifiche ndani ya nyingi nzuri. Mwonjaji ananusa unga ukiwa mkavu. Maji ya nyuzi joto 93 hivi yanamiminwa, unga unapanda juu na kufanya utando mzito, kisha baada ya dakika nne anainama, pua karibu iguse kikombe, anauvunja utando kwa mgongo wa kijiko. Hapo ndipo harufu inaporuka, na hairudi tena kwa nguvu ileile. Povu linaondolewa kwa vijiko viwili. Kahawa ikipoa kiasi cha kuvumilika, anaivuta kutoka kwenye kijiko kwa mlio, fyuuu, itawanyike ulimi wote na mvuke upande puani. Anatema. Anasubiri ipoe zaidi, anarudi tena, kwa sababu kahawa ikiwa moto huficha mengi na ikipoa husema ukweli. Mwishoni anaandika alama: harufu, ladha, ladha inayobaki kooni, uchachu, uzito, uwiano, utamu, usafi wa kikombe. Kwa mfumo uliotumika miaka mingi, jumla ikifika 80 kati ya 100 kahawa inahesabiwa kuwa ya daraja maalumu.

Katika yote hayo, nionyesheni kitu kimoja kinachohitaji pasipoti ya Ulaya. Kuna mizani, saa, birika, kijiko, pua iliyofunzwa na subira.

Na pua tunazo. Kahawa ya Maziwa Makuu, yaani Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo ya mashariki, ina kasoro moja inayojulikana dunia nzima, ile ladha ya kiazi. Inahusishwa na antestia, mdudu wa jamii ya kunguni anayedunga tunda la kahawa, na kemikali inayoitoa ni ileile inayokipa kiazi kibichi harufu yake. Punje yenye kasoro hiyo unaweza kuitazama mkononi usione chochote. Inajitokeza ikisagwa na kuguswa na maji moto, na punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima. Mnunuzi wa mbali akikutana na kikombe cha namna hiyo anapunguza bei au anaacha kununua kabisa, na hofu ya kasoro hii imeiwekea mipaka bei ya kahawa yetu hata pale ambapo fungu zima ni safi.

Sasa nawauliza: ni nani duniani anayeijua harufu ya ganda la kiazi kibichi kuliko mama wa Rusizi? Anamenya viazi tangu utotoni, jioni baada ya jioni. Mwonjaji aliyezaliwa mjini ng'ambo hufundishwa harufu hiyo akiwa mtu mzima. Yule anayeijua toka mtoto tunamkalisha kwenye kitanda cha kuanikia, achague punje kwa macho, atafute kasoro ambayo macho hayaioni. Kuchagua kwa mkono kunasaidia, kwa sababu punje nyingi zilizodungwa huwa na madoa, na kuelea kwenye maji kunazitoa zilizo nyepesi. Lakini neno la mwisho ni la pua, na pua hiyo tumeipa kazi ya vidole.

Watu watasema Mnyarwanda hana mazoea ya kuonja. Nani kasema? Mwenye nyumba anayekaribisha wageni kwa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yao, na ukikaa na wazee utawasikia wakiijadili: ndizi hazikuiva vizuri, mtama ulikuwa mchache, imekaa siku moja zaidi ya ilivyopaswa. Hiyo ni tathmini kamili, yenye sababu na asili ya kosa. Kinachokosekana ni karatasi ya alama. Wala Mwafrika hakungoja kufundishwa thamani ya kahawa: Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na majani yenye harufu kabla ya mkoloni yeyote kufika, Waethiopia wanakunywa nyumbani karibu nusu ya wanachovuna, na barazani Unguja au Mombasa mnywaji wa kahawa chungu atakirudisha kikombe cha kahawa iliyopashwa moto mara ya pili bila kuhitaji cheti.

Ushahidi ulio karibu zaidi uko ndani ya nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa PEARL uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kule Butare na vyuo vikuu vya Michigan State na Texas A&M ulianza na wakulima wa Maraba, ukajenga kituo cha kuoshea kahawa, na ukawafunza vijana wa Kinyarwanda kuonja. Miongoni mwao walikuwamo waliokua katikati ya mibuni bila kunywa kikombe kimoja cha kahawa yao. Miaka michache tu ilipita, na mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa shindano la kahawa la Cup of Excellence. Watu wengi hawaujui utaratibu wa shindano hilo: kabla majaji wa kimataifa hawajatua, majaji wa ndani ya nchi wanakuwa wameshaonja mafungu yote na kuyachuja. Mgeni anaonja kile ambacho ulimi wa mwenyeji umempitishia. Kazi ambayo huku Rusizi tunaambiwa haituhusu, Wanyarwanda wenzetu wanaifanya mbele ya dunia.

Hoja yenye uzito upande wa pili ni moja, na naiheshimu. Inasema: anayelipa ndiye anayeamua. Kahawa karibu yote inasafirishwa nje; tukiipa sisi alama 88 na mnunuzi akaipa 83, atalipa 83 yake. Ni kweli. Lakini anayeshika hoja hii aifikishe mwisho wake. Kama mnunuzi ananunua kwa alama, basi kwenda sokoni bila kujua alama zako ni kwenda umefumba macho. NAEB, bodi ya taifa inayosimamia mazao ya kuuza nje, hutangaza kila msimu bei ya chini ya kilo ya matunda, na bei hiyo inamkinga mkulima asinyonywe kupita kiasi, lakini haitofautishi fungu la 81 na la 87. Tofauti hiyo hulipwa mbele ya safari, baada ya kahawa kukobolewa na kuonjwa. Chama cha ushirika kinachojua kwamba fungu lake la wiki ya tatu ya Aprili lina 87 kitalitenga na kulidai bei yake. Kisichojua kitalichanganya na mengine, na faida ataipata mwingine aliyekuwa na kijiko.

Na alama si jambo la bei pekee. Kikombe kinaeleza kilichotokea shambani na kituoni. Ladha ya siki inasema matunda yalilala kwenye magunia kabla ya kumenywa, au yalichachuka kupita muda. Ukakasi unasema yalichumwa mabichi pamoja na mekundu. Harufu ya ukungu inasema kahawa ya maganda haikukauka au haikugeuzwa vya kutosha kitandani. Vikombe vya kiazi vikizidi kutoka kwenye mashamba ya kilima fulani, maana yake mibuni ya kule imesongamana, haijapogolewa, na antestia amepata kivuli cha kukaa. Taarifa hizi zikisomwa hapa Jumanne, kosa linarekebishwa Jumatano, msimu ukiwa bado unaendelea. Zikisomwa Hamburg, zinarudi baada ya miezi zikiwa zimegeuka makato ya bei, na mkulima hataambiwa hata sababu.

Wanaosema ladha ni ya kila mtu, hakuna sahihi wala kosa, nawajibu kwa ufupi. Kupenda ni kwa kila mtu. Kutambua siki, ukungu au kiazi kunafunzwa, na watu sita waliofunzwa vizuri wataandika alama zinazokaribiana. Wengine bado wanaamini kwamba kahawa nzuri ni nyeusi na chungu, ya kukunja uso. Hao wanasifu moto wa kikaango, kwa kuwa kukaanga sana huunguza uchachu na utamu wote ambao miinuko hii juu ya Ziwa Kivu imeuweka ndani ya punje, na huwasitiri waliovuna vibaya.

Inaniuma kuona hoteli mjini Kamembe zikimletea mgeni kopo la kahawa ya unga ya kiwandani na thermosi ya maji moto, huku vitanda vya kuanikia vikionekana ng'ambo ya ghuba. Inaniuma zaidi mkulima anapoona aibu kusema kwamba hajawahi kuionja kahawa yake. Aibu si yake. Aibu ni ya sisi tuliosoma, tuliomwambia kwamba hahitaji.

Ninachotaka si kikubwa. Kila kituo cha kuoshea kahawa wilayani kiwe na meza moja, kikaango kidogo cha sampuli, mashine ya kusagia, mizani, birika na vikombe. Vyama ambavyo haviwezi peke yao vishirikiane vitatu au vinne. Wachaguliwe waonjaji kutoka vitandani, na wanawake wanaochagua punje wawe wa kwanza kuitwa, wafunzwe na Wanyarwanda ambao tayari wanaijua kazi hii, na walipwe kwa ujuzi wao. Alama za kila fungu zibandikwe ukutani pamoja na tarehe ya kupokelewa na kilima lilikotoka. Mara moja kwa msimu, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kijamii, wakulima wenyewe waonjeshwe vikombe viwili vilivyowekwa pamoja, kimoja safi na kimoja chenye kiazi, kisha waulizwe wamenusa nini.

Mavuno makubwa huanza mwezi wa tatu. Mikutano mikuu ya vyama hufanyika kabla ya hapo, na katika ajenda ya mkutano huo, pembeni ya mbolea na mikopo, nataka hoja hii iingizwe na ipigiwe kura: nani ataonja, ataanza lini, na alama atazisoma mbele ya nani.