Tusome Pamoja: Kitabu cha Mizimu Kinakufundisha Kuogopa Nani?



Vijana wengi wanauliza: «Pasta, ni zambi kusoma kitabu chenye mizimu ndani?» Wengine wanapewa vitabu hivi masomoni, wengine wanavisoma kwenye telefone. Baba mmoja anakataza vyote. Mwingine anaacha vyote vipite. Mimi ninasema: pole pole.

Biblia yenyewe haifichi mambo haya. Inasimulia namna Mfalme Sauli alivyokwenda usiku kwa mwanamke wa Endori (1 Samweli 28). Inasimulia pia wanafunzi walivyopiga kelele katika bahari, wakizani kwamba Yesu ni mzimu (Marko 6:49). Kwa hiyo ukishika kitabu, jiulize hivi: nikimaliza kusoma, nitaogopa nani? Kuna kitabu kinachokufanya uogope choyo chako mwenyewe. Hicho soma. Kuna kingine kinachokufanya uogope jirani, bibi yako, mtoto wa ndugu yako. Hicho weka chini.

Leo ninawaletea vitabu vitatu vinavyojulikana sana duniani. Vyote vinapatikana kwa Kifaransa.

1. GERMINAL. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1885. Mwandishi wake ni Émile Zola, Mfaransa. Mwezi wa pili 1884 alikwenda Anzin, kaskazini ya Ufaransa, wakati wachimbaji wa makaa walikuwa katika mgomo. Alishuka shimoni yeye mwenyewe kuona kazi yao. Sisi watu wa migodi tutajiona humo: taa za usiku, deni kwenye duka, mama anayehesabu mkate uliobaki.

Ndani ya kitabu, wasichana wanaofanya kazi shimoni wanaogopa mzimu wa mchimbaji mzee ambaye, wanasema, anarudi kunyonga shingo za wasichana wabaya. Lakini angalia vizuri ni nini kinachoua watu humo. Kampani inalipa kwa wago la makaa lililojaa. Kusimamisha miti ya kushikilia mwamba kunakula wakati, na hakuleti kitu mfukoni. Basi watu wanaweka miti haraka-haraka, na siku moja mwamba unaanguka. Mtu mmoja anakufa, na mtoto Jeanlin anavunjika vibaya, anabaki kilema. Mzimu haukuwa na kazi pale.

Na kwetu je? Shimo la ba-creuseur likianguka, kesho yake utasikia: «Kuna mtu aliyetoa sadaka ya damu.» Nani anauliza kama miti iliwekwa? Nani anauliza kama udongo ulikuwa umelowa mvua, au shimo lilikuwa na urefu gani? Kuogopa mzimu ni rahisi kuliko kumwuliza patron wa shimo. Zola alipozikwa Paris mwaka 1902, wachimbaji walikuja na kupaza sauti: «Germinal! Germinal!» Walijua kitabu kile kilisema ukweli juu yao. Ninaonya tu: kina maneno makali. Ni kwa watu wazima na vijana waliokomaa.

2. BELOVED. Mwandishi ni Toni Morrison, mwanamke mweusi wa Marekani. Alikitoa mwaka 1987, na mwaka 1993 alipata zawadi ya Nobel. Hadisi yake inatokana na jambo la kweli. Mwezi wa kwanza 1856, mama mmoja mtumwa, Margaret Garner, alikimbia Kentucky pamoja na jamaa yake, wakavuka mto Ohio uliokuwa umeganda kwa baridi. Walipokamatwa Cincinnati, alimwua binti yake mdogo ili asirudishwe utumwani.

Katika kitabu, mama huyo anaitwa Sethe, na mtoto aliyekufa anasumbua nyumba. Majirani wanaikimbia nyumba ile miaka mingi. Ni kitabu kizito, si cha watoto, na usikisome kwa haraka. Mimi ninakipenda kwa sababu ya wanawake wa mtaa. Kwa mwisho wanakuja wote pamoja mbele ya nyumba, wanaomba, wanaimba. Walipokaa mbali, hofu ilizidi. Walipokaribia, yule mama hakubaki peke yake tena.

3. UN CHANT DE NOËL. Hiki ndicho ninachotaka kila jamaa isome. Ni kifupi. Charles Dickens, Mwingereza, alikitoa tarehe 19 Desemba 1843. Alijua shida ya watoto. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alitumwa kubandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu, na baba yake alifungwa gerezani kwa sababu ya deni. Mwaka 1842 serikali ya Uingereza ilitoa ripoti juu ya watoto waliofanya kazi chini ya udongo, katika migodi. Mwaka ule ule sheria ilikataza wanawake wote, na wavulana chini ya miaka 10, kushuka mgodini. Ripoti ile ilimchoma Dickens moyo.

Katika hadisi, tajiri Scrooge anatembelewa na mzimu wa mwenzake wa biashara, aliyekufa miaka 7 mbele. Mzimu unavuta mnyororo wa masanduku ya feza, funguo na vitabu vya hesabu. Aliufua mwenyewe mnyororo huo alipokuwa hai. Nyuma yake zinakuja roho tatu. Ile ya pili inamfikisha Scrooge hata kwa wachimbaji wa migodi, wanaoimba Noeli katika nyumba yao ya udongo.

Kisha roho ile inafungua vazi lake, na watoto wawili wanaonekana: wamekonda, wachafu, macho makali, wanatisha. Scrooge anarudi nyuma. Anauliza kama ni watoto wa roho ile. Anajibiwa kwamba ni watoto wa binadamu. Mvulana anaitwa Ujinga, msichana anaitwa Uhitaji.

Wandugu, tusimame hapa. Katika miji yetu watoto wangapi wamefukuzwa nyumbani kwa neno moja: mlozi? Baba amekosa kazi, mama anaumwa, na kosa linawekwa juu ya yatima aliyeletwa na ndugu, au juu ya yule anayekojoa kitandani. Anakonda, anachafuka, anaanza kuiba chakula, na watu wanasema: «Unaona? Macho yake!» Macho yale ni ya njaa. Sisi ndio tuliomfanya awe vile.

Vijitabu vingine vya ushuhuda vinavyouzwa barabarani vinafundisha namna ya kutambua mtoto mlozi. Ninasema kwa uchungu, mahubiri mengine pia. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Na mbele ya katiba, Bwana wetu alikwisha kusema waache watoto waje kwake.

Basi mzazi, usichome kitabu kwa sababu umeona neno «mzimu» kwenye jalada. Kisome kwanza wewe mwenyewe. Kijana, kama kitabu kinakutajia adui ndani ya nyumba yako, kipeleke kwa mtu mzima unayemwamini, mukisome pamoja mbele ya kukiamini.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Kama ungekufa leo, mnyororo wako ungekuwa wa vitu gani?
2. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani ambaye watu wanamwogopa? Amekula leo?
3. Nani ataenda kumwita?