Vijana wa Aru wafundishwe mashine

Baadhi ya malori yanayoingia Aru, mji wa mpakani nchini Kongo (DRC), kutoka Uganda hupeleka shehena hadi mgodi wa dhahabu wa Kibali, jimboni Haut-Uele. Huko chini ya ardhi, mashine za kubeba mawe hujiendesha zenyewe. Mtu mmoja aliyeketi juu mbele ya skrini husimamia kadhaa kwa pamoja. Hatari ya maporomoko imepungua, na hilo ni jema. Lakini kijana wetu aliyezoea sururu na karai atapata wapi riziki? Hatupingi mashine. Tunataka serikali na kampuni za madini zifungue mafunzo ya umeme, ufundi wa mitambo na kompyuta hapa hapa Aru, na wenyeji wanaohitimu wapewe nafasi za kwanza.