Moja Moto, Moja Baridi: Staa Aliyemcheka Mzee wa Kariakoo Ndiye Mshamba

Kuna klipu inazunguka tangu wiki iliyopita, sekunde ishirini na kitu tu, na kama uko mjini lazima umeshatumiwa. Staa mmoja wa Bongo Fleva, cheni shingoni na mabaunsa wawili nyuma, kashuka kwenye grosari moja Kariakoo kufanya kile wanachokiita kuwa karibu na mashabiki. Mezani kuna mzee mbeba mizigo, shati limelowa jasho, kamaliza kazi yake. Mhudumu anamuuliza, "Ya moto au ya baridi?" Mzee anajibu ya moto. Basi staa anageuza simu, anamvuta mzee sura nzima, na kuangua kicheko: "Oyaa, kumbe bado kuna watu wanakunywa bia ya moto? Hii bia au chai?" Kundi lake hoi. Mzee naye anatabasamu, lile tabasamu la mtu asiyejua anarekodiwa kwa ajili gani.

Jina la staa halitajwi hapa. Ngoma mpya inatoka karibuni na kiki ndiyo anayoitafuta, sasa kwa nini apewe bure? Lakini alichokisema lazima kijibiwe, maana watu maelfu wamecheka pamoja naye wakidhani kacheka cha maana. Ukweli ni kwamba kwenye ile klipu kulikuwa na mtu mmoja tu asiyejua bia, na hakuwa mzee.

Anza na swali lenyewe. "Ya moto au ya baridi" haijatungwa na washamba. Ni swali la heshima, mteja anaulizwa anavyotaka kabla kizibo hakijang'oka. Ingia baa yoyote kuanzia Gerezani mpaka Ilala Bungoni utaulizwa. Na "moto" hapo haina maana imechemshwa, ni ya kwenye kreti, haijaona friji. Wapo wanaoagiza hivyo kwa sababu ya kifua, wapo wa meno kuuma, wapo waliozoea enzi za mgao wa umeme wa 2006 na 2011 wakati friji ilikuwa kabati tu. Na wapo wanaodai ya moto inapanda haraka, hawa nao waache uongo, asilimia ya kilevi haibadiliki kwa sababu chupa imekaa nje.

Ila wapo wale wa moja moto moja baridi, na hawa ndio mabingwa wenyewe. Mtu anaagiza mbili, anazichanganya kwenye glasi, nusu kwa nusu. Piga hesabu. Bia ya kwenye kreti Dar ina kama nyuzi 30, ya kwenye friji ina nyuzi 4 au 5. Changanya unapata kama 17. Sasa nenda Uingereza, kule ambako ale imenywewa kwa karne nyingi, utaikuta inatoka stoo ya chini ya baa ikiwa na nyuzi 11 hadi 13. Siyo barafu, wala haitoi moshi kama kwenye matangazo. Ni ubaridi wa mtungi tu. Mwingereza ana baa nzima yenye handaki ili apate kitu ambacho mbeba mizigo wa Kariakoo anakikaribia kwa chupa mbili na glasi moja, bila kipimajoto.

Na wenzetu hao waligombana kabisa kwa jambo hili. Mwaka 1971 vijana wanne walianzisha chama cha kutetea ale ya asili, CAMRA, kwa sababu viwanda vikubwa vilikuwa vinawaletea bia za gesi nyingi na baridi kali zisizo na ladha. Yaani walioonekana wa kizamani ndio walioshinda, na chama kipo mpaka leo. Hakuna staa wa London atakayekwenda kumrekodi mzee mwenye ale yake isiyo ya barafu na kumuuliza kama ni chai. Angeonekana yeye ndiye hajui.

Sababu ni nyepesi. Baridi kali inaua ulimi. Kunywa maji ya barafu halafu onja mchuzi, utaona. Ndiyo maana bia nyingi zinasisitizwa "baridiii" kwenye mabango, kwa sababu baadhi yake zikipata joto kidogo zinaumbuka, hazina kitu ndani.

Tofauti ya ale na laga nayo watu wanaipiga chenga. Ale inaumuliwa na hamira inayopenda joto na inafanya kazi haraka. Laga hamira yake inataka ubaridi, polepole, halafu bia inapumzishwa. Karibu kila chupa ya hapa mjini ni laga. Ale kwenye baa ya kawaida ni ngumu kuipata, labda uihesabu Guinness, ambayo ni stauti, ndugu wa ukoo huohuo wa ale. Na chunguza wanaokunywa Guinness Kariakoo, wengi wanaichukua ya moto. Wanajua. Ikiwa ya baridi sana ni uchungu mtupu, ikipoa kidogo tu unaanza kusikia kahawa, sukari iliyoungua, kama ukoko wa wali wa nazi uliokolea.

Sasa Safari, ambayo ndiyo mzee alikuwa nayo. Hii imeingia sokoni mwaka 1977, asilimia 5.5, ya watu wazima. Ikiwa ya barafu unapata gesi na uchungu mwishoni, basi. Ipe nafasi, iwe vuguvugu la moja moto moja baridi: mwanzo unasikia kimea, ile harufu ya ganda la mkate uliotoka tanuri, katikati utamu kidogo, halafu uchungu unakuja taratibu na kukaa. Ni bia nzito, haitaki haraka. Kilimanjaro ya 1996 ni habari nyingine, asilimia 4.5, nyepesi, kavu, inapita. Hiyo kweli iache kwenye friji, ya moto haina jipya la kukwambia. Kwa hiyo siyo kila bia ni ya moto. Mzee kachagua bia sahihi kwa joto sahihi, staa hajachagua chochote, kapewa.

Cha kuchekesha zaidi, bia yenyewe siyo ya mbali. Shika barabara ya Uhuru kutoka Mnazi Mmoja, ambaa na Kariakoo, vuka uende Mchikichini, unafika kiwanda cha TBL kwa miguu yako. Kampuni hii mizizi yake ni Dar es Salaam, 1933, ikiitwa Tanganyika Breweries. Ikapitia kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha, ikapitia miaka ya 80 ambapo bia ilikuwa ya kuibahatisha, ikauzwa kwa Wasauzi 1993, leo iko chini ya wakubwa wa dunia. Miaka zaidi ya 90. Na wasanii wanaoicheka wasisahau, tuzo zilizowapandisha wengi wa kizazi chao ziliitwa Tuzo za Kili, na Kili hiyo haikuwa mlima, ilikuwa bia. Suti mlizovaa jukwaani zililipiwa na walevi wa grosari.

Kwa staa mmoja isingekuwa kesi, ila wako wengi. Yuko dada mmoja mwenye wafuasi kibao, kazi yake ni kula bata na kuposti. Juzi kaweka picha kwenye kiwanja kimoja cha Masaki, kashika ale ya watengenezaji wadogo, kaandika ndefu kuhusu "harufu ya embe na machungwa" na "mwisho mtamu usiosahaulika". Kuza picha, wadau. Kizibo bado kipo! Hiyo harufu ya embe kaipata wapi, kwenye lebo? Na hakuna mahali kaandika kwamba kalipwa.

Isieleweke vibaya, ale za watengenezaji wadogo zenyewe hazina kosa. Kuna watu wanahangaika na mapipa yao na hopsi za kuagiza nje, na ikitoka vizuri ni kweli utasikia ganda la chungwa. Bei inauma tu. Kosa ni kwamba ukisema "ladha ya mkate" ukiwa Masaki wewe ni mjuzi, mbeba mizigo akichagua joto la bia yake yeye ni kichekesho. Na mama anayepika komoni uswazi, anayejua kwa kunusa tu kwamba mtungi wa leo umewahi na wa jana umechacha kupita kiasi, huyo hata kuitwa mtengenezaji haitwi. Wakati pombe yake, iliyoumuka kwenye joto na kunyweka mbichi ikiwa bado hai, iko karibu na ale ya kale kuliko hiyo laga anayoimba staa.

Ya moto nayo ina ubaya wake, semeni ukweli. Kreti ikikaa juani nje ya duka tangu asubuhi, hiyo siyo bia ya moto tena, hiyo ni bia iliyoharibika, inanuka boksi lililolowa. Wenye grosari mkipanga kreti barazani mnawaharibia watu starehe. Weka ndani, kivulini, sakafuni.

Lakini turudi kwa mzee. Hana akaunti, hajui ana "views" laki ngapi. Wenzake wa mizigo washaanza kumwita Mzee Chai, na wateja wengine wanamchungulia na kucheka kabla hajabeba. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu siyo mali ya mwenye simu. Staa anatakiwa aifute ile klipu, arudi pale pale bila kamera, amuombe radhi mzee wa watu, na amnunulie mbili. Aulize kwanza, ya moto au ya baridi.

Mpaka jana usiku klipu bado ilikuwa hewani.

Funguka hapo chini: wewe ni moto, baridi, au moja moja?